Uso wa Jumapili kwenye Skani

Sogea karibu unisikilize, wala usitishwe na neno fuvu. Najua wengi wakilisikia huwaza makaburi. Mimi nililizoea kwa kazi, na mafuvu yote niliyoyashughulikia yalikuwa ya watu walio hai, wenye nyusi na vicheko, walioketi chumba cha pili wakingoja niwaite.

Kazi yenyewe, katika kliniki moja ya meno na mataya mjini Meru, ilikuwa hivi. Mtoto analetwa kwa sababu uso wake unakua kwa namna inayowatia wazazi wasiwasi. Tunamketisha kwenye mashine inayomzunguka kichwa mara moja, na kompyuta inanitengenezea fuvu lake zima, la kugeuza juu chini na kutazama kila upande kama chungwa mkononi. Mwaka ukipita anarudi, nami napata fuvu la pili. Kisha nalaza fuvu la leo juu ya lile la mwaka jana na kutazama palipozidi. Pasipobadilika, kompyuta inapaka rangi ya kijani. Palipojitokeza nje, inapaka nyekundu. Daktari anasoma rangi hizo na kuamua la kufanya.

Ugumu uko mahali pamoja tu: unapolaza fuvu juu ya fuvu, unashikilia wapi? Kichwa cha mtoto kinakua karibu kila upande. Ukishikilia kidevu kwa kidevu, utaona paji la uso limehama, na kumbe kilichohama ni kidevu. Kwa hiyo unatafuta mfupa uliokwisha kukua. Uko mmoja, juu na nyuma ya pua, ambao sehemu ya mbele ya ubongo imeulalia. Huo humaliza kukua mapema, mtoto akiwa bado madarasa ya chini. Uso wote unaning'inia chini yake, na unarefuka kwenda chini na mbele. Tunashika hapo.

Wanafunzi waliokuja kujifunza kwetu walikuwa wakikunja uso nikifika hapo, nami nilikuwa nikiwaeleza kwa kutumia nyumba ya mama yangu.

Nyumba hiyo ilikuwa Kibugu, juu huko Embu, karibu na msitu wa mlima, mahali ambapo asubuhi majani ya chai hulowa umande hadi mtu akichuma mikono hufa ganzi. Kila Desemba, shule zikifungwa, mama alitusimamisha mmoja mmoja kwenye nguzo ya mlango na kuchora mstari wa makaa juu ya vichwa vyetu. Tulikuwa wanne. Mwaka mmoja mstari wa kaka yangu mkubwa ukaangukia palepale ulipokuwa mwaka uliotangulia. Dada zangu hawakumwacha.

"Chakula chote kile unakipeleka wapi?"

"Labda kinakwenda masikioni. Mama, mpime masikio!"

Kaka alilia, na alikuwa na umri wa kuona aibu kulia. Mama hakucheka. Alitazama mstari, akatazama suruali ya kaka ambayo ilikuwa imepanda juu ya vifundo vya miguu, akainama na kupapasa sakafu. Ilikuwa sakafu ya udongo, na pale mlangoni ufagio wa kila asubuhi ulikuwa umeila mpaka pakawa na kishimo. Kaka alikuwa amesimama shimoni. Tangu siku hiyo tulipimwa nje, kwenye nguzo ya pembeni, tukiwa tumesimama juu ya jiwe kubwa ambalo babu alilikuta pale kabla hajajenga. "Nyumba inaisha, jiwe haliishi," alisema mama, akampima kaka upya, na kaka akawa ameongezeka upana wa vidole vitatu.

Mpaka leo nikikumbuka nyumba hiyo, kwanza inanijia harufu ya makaa na ya majani ya chai yaliyolowa, kisha ule mkono wa mama ukinibonyeza utosi ili nisisimame kwa vidole.

Basi nilidhani somo hilo nilikuwa nimeshalijua. Ndipo akaja msichana kutoka Kibugu hiyohiyo.

Alikuja mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tano, pamoja na bibi yake. Mama yake alikuwa kazini kwenye chai. Msichana alikuwa amejiunga na shule ya bweni huku Kaaga, karibu na Meru, na kidevu chake kilikuwa kimeanza kwenda kushoto. Sababu ilikuwa upande wa kulia. Taya la chini lina vichwa viwili, kimoja mbele ya kila sikio, na hicho cha kulia kilikuwa kinaendelea kurefuka wakati mwenzake wa kushoto ametulia. Upande mmoja ukirefuka, kidevu kinasukumwa kwenda upande mwingine.

Daktari aliwaeleza bila haraka. Upasuaji wa kuliweka taya sawa unawezekana, lakini ni lazima taya liwe limekwisha kukua. Ukilinyoosha likiwa bado linakua, litapinda tena, na msichana atarudi kukatwa mara ya pili. Tutapiga skani leo, na nyingine baada ya mwaka. Zikilingana, tutaendelea.

Bibi aliposikia lafudhi yangu aliniuliza kwa Kiembu mimi ni wa nani, na nilipomtajia nyumba yetu akanishika mkono asiuachie.

"Kumbe ni mwana wetu! Na umekuwa daktari."

"Mimi si daktari, cucu," nilijibu, nikimwita bibi kwa Kiembu. "Mimi natengeneza zile picha za vichwa."

"Basi wewe ni fundi."

"Ndiyo, fundi."

"Fundi wa vichwa," alisema, na tangu hapo hakuniita jina jingine.

Mwaka ukapita. Walirudi likizo ya Agosti, na nakumbuka jinsi walivyopendeza. Bibi alikuwa na kitambaa cheupe kichwani na sweta la rangi ya zambarau. Msichana alikuwa amevaa rinda lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama kama kadibodi, nywele zimesukwa jana yake, uso umepakwa mafuta. Bibi alimwelekeza mpaka mlangoni pa chumba cha mashine.

"Kaa kama mtu. Usitutie haya hospitalini."

Mimi nami, nikimfungia ukanda wa kichwa, nikamwambia maneno niliyowaambia wote: "Kaa vizuri. Funga mdomo vizuri. Usitikisike."

Akakaa vizuri. Hakutikisika hata kidogo.

Nililaza fuvu juu ya fuvu nikishikilia ule mfupa wa nyuma ya pua. Paji, mashavu, pua, kidevu, vyote vikapakwa kijani. Palikuwa na doa dogo jekundu karibu na sikio la kulia, nikaliona, nikajiambia ni kelele tu ya mashine, doa lisilo na maana. Sikuangalia meno. Nilimpelekea daktari ripoti ya mstari mmoja: hakuna mabadiliko.

Daktari aliwaita ndani, akawaambia kwamba inaonekana taya limetulia, na upasuaji unaweza kupangwa Desemba. Msichana aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, kama mtu anayejishikilia asianguke, kisha akauliza swali moja: "Nikirudi shule Januari nitakuwa nimepona?"

"Uvimbe utakuwa bado umebaki kidogo," alisema daktari, "lakini ndiyo."

Baadaye bibi aliniambia kwamba mtoto huyu aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya shule, na kwamba siku zote alisimama mwisho kabisa wa mstari upande wa kushoto, ili watu wamwone kwa upande wa kulia. Januari alitaka kusimama katikati.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Walikaa kwenye benchi la uani, karibu na bomba la maji, bibi akafungua chombo cha nduma zilizochemshwa na chupa ya chai. Nilipita, akanivuta pindo la koti langu jeupe.

"Fundi wa vichwa, kaa ule. Nduma hizi zimetoka mtoni kwetu. Huku mjini mnakula mkate mpaka mnakuwa na sura za mkate."

Nikakaa. Nduma za Kibugu hazihitaji kushawishiwa mara mbili. Bibi, akiwa na furaha ya habari njema, akaanza kusimulia walivyofika asubuhi.

"Yule mwenye tuk-tuk ananiuliza, 'Mama unashukia wapi?' Nikamwambia, kijana, nishukie wapi na bado sijapanda? Mguu wangu mmoja uko Meru, mwingine uko kwenye lami!"

"Aki cucu, wacha!" akadakia msichana. "Uliita jina la Yesu mpaka polisi wakageuka."

"Nimwite nani mwingine? Wewe ulikuwa umeshakaa ndani kama bibi arusi, umeniacha nje naburutwa!"

Msichana alicheka kicheko cha kutoka tumboni, kichwa nyuma, macho yamefumbwa. Na kidevu chake kikaenda kushoto, kikavuka mahali kilipokuwa mwaka jana, kikasimama huko.

Nikaiweka nduma chini, nikabaki nikikitazama kidevu hicho.

"Mbona umenyamaza?" akauliza bibi.

"Cucu, nyumbani kidevu chake hukaa hivi?"

"Hukaa hivyo. Siku hizi hata zaidi. Kwani wewe uliona nini?"

"Kwenye mashine kilikuwa palepale pa mwaka jana."

"Si nilimwambia akae kama mtu! Tulikuwa tunakuja hospitali."

Msichana alikuwa ameacha kucheka. Alinitazama, na polepole, bila kutumia mkono, akakirudisha kidevu karibu na katikati. Kama hukumjua hungeona juhudi yoyote. Alizungumza midomo ikifunguka kidogo tu.

"Shuleni nakaa hivi. Nilijifunza kwa kioo. Siku hizi sijui hata kama nafanya."

Nataka uelewe kosa lilikuwa la nani, kwa sababu halikuwa lake. Sisi watu wa huko juu tunakwenda hospitali kama tunavyokwenda kanisani. Nilipokuwa mdogo, siku ya kupelekwa zahanati mama alitusugua visigino kwa jiwe, akatupaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, akatuvalisha nguo za Jumapili. Mtoto ana homa ya kutetemeka, lakini soksi zimevutwa juu. Muuguzi akiuliza, "Hamjambo?" tulijibu kwa pamoja, "Hatujambo!" na nakumbuka safari moja muuguzi alituambia kwa mzaha, "Basi rudini nyumbani." Mama mwenyewe, miaka ya mwisho, alikuwa akilala siku tatu bila nguvu ya kuinua kikombe, lakini siku ya kliniki anaamka mapema, anafunga kitambaa, anaingia kwa daktari akitembea wima. Daktari anaandika: anaendelea vizuri. Nilikuwa nikimsindikiza na nilikuwa nikiona fahari. Nilikuwa natoka katika watu hao, na bado mtoto wetu alipoingia na uso wake wa Jumapili, mimi ndiye niliyemwambia afunge mdomo vizuri zaidi.

Nilirudi kwenye kompyuta chai ikiwa haijaisha. Sasa sikiliza nilichofanya, maana ndipo kazi hii inapofundisha. Mfupa wa nyuma ya pua ulikuwa umenieleza kweli: kidevu kiko palepale ukikipima kutoka kwenye fuvu. Lakini taya la chini halikushonwa kwenye fuvu. Limening'inia kwa misuli, na mwenye misuli anaweza kulivuta. Kwa hiyo nilikata taya la mwaka jana nikaliweka peke yake, nikakata la mwaka huu nikaliweka peke yake, nikalaza moja juu ya jingine bila kujali fuvu linasema nini. Nilishikilia sehemu ya ndani ya mfupa wa kidevu, chini ya mizizi ya meno ya mbele, ambayo kwa umri ule hubadilika kidogo sana. Kisha nikageuza ili nitazame nyuma, mbele ya masikio.

Kushoto kulikuwa kijani. Kulia, kichwa cha taya kilikuwa chekundu mpaka kwenye shingo ya mfupa huo. Kilikuwa kimerefuka zaidi ya milimita mbili. Na meno, ambayo sikuyaangalia mara ya kwanza, yalikuwa hayakutani tena kama yalivyokutana mwaka uliopita. Magego ya upande mmoja yalielea hewani. Ushahidi wote ulikuwepo. Nilikuwa nimefurahia kijani.

Nilimkuta daktari akinawa mikono. Nikamwonyesha. Alitazama muda mrefu, maji yakimdondoka kwenye viwiko.

"Umenifanya nimwahidi mtoto Desemba."

"Najua."

"Na sasa nimwambie nini?"

"Nitamwambia mimi, ukikubali. Nataka aone mwenyewe."

Akafuta mikono. "Afadhali tumwambie leo kuliko ajue baada ya kisu," alisema, akanifuata.

Tulimketisha msichana mbele ya kompyuta, bibi nyuma yake. Nilimwonyesha taya lake la mwaka jana, kisha la mwaka huu, nikamwachia kipanya ayageuze mwenyewe. Aligeuza. Alielewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengi.

"Hapa pekundu ndipo panakua?"

"Ndipo."

"Nikikatwa Desemba?"

"Litanyooka. Halafu litaendelea kwenda kushoto kama sasa."

Aliachia kipanya. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya mtoto, "Kumbe ilitakiwa nikae vibaya."

Bibi alianza kusema kitu kwa Kiembu akakiacha katikati. Msichana alilia wazi, bila kujificha, na nikaona kwamba alipokuwa akilia hakukishika kidevu chake. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemwagiza, na kwamba sikuangalia meno. Sijui kama ilimsaidia. Bibi ndiye aliyemwinua, akamfuta uso kwa kile kitambaa cheupe cha kichwani, akaniambia tu, "Tutarudi, fundi."

Walirudi. Daktari hakupenda kumpitisha kwenye mashine mara kwa mara, kwa hiyo kati ya skani na skani tulichukua mfano wa meno yake kwa plasta na kumwacha aende. Katika miaka hiyo nilibadilisha namna yangu ya kufanya kazi. Nilibandika karatasi ukutani: meno kwanza, rangi baadaye. Niliacha kusema kaa vizuri. Aliyekuja amejipamba nilimpa kwanza chai na kiti uani, nikamngoja azungumze, acheke, achoke kujishika, na baadhi ya wenzangu walinitania kwamba nimefungua hoteli. Skani ya tatu ya msichana ilionyesha wekundu bado, ila mwembamba. Nilipomwambia, aliitikia kwa kichwa tu na kuuliza tarehe ya kurudi.

Mara ya nne alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alikuja akiwa amevaa sweta la kuchumia chai, lenye alama ya kamba ya kikapu begani, na bibi alikuwa amechoka kidogo lakini mdomo wake ulikuwa uleule.

"Usiniangalie mimi," aliniambia. "Nilimtolea rinda akakataa. Amesema fundi hataki marinda."

Nililaza taya juu ya taya. Nikaangalia meno: yalikutana palepale. Nikashikilia kidevu kwa ndani, nikageuza nyuma. Kushoto kijani. Kulia kijani. Nikarudia kazi yote tangu mwanzo, kwa sababu niliogopa rangi hiyo. Kijani tena. Kisha nikalaza fuvu zima, nikishika nyuma ya pua, na kidevu kilikuwa kushoto, mbali, kimetulia, wala hakuna aliyekificha. Daktari naye akarudia kwa mkono wake. Akampa tarehe.

Kabla hawajaondoka msichana aliniomba nimwonyeshe fuvu la kwanza kabisa, la miaka kumi na tano. Nikalileta. Alilitazama kwa upole, kama unavyotazama sweta la shule lililokubana.

"Nilikuwa mdogo hivi?"

"Ulikuwa mdogo hivyo."

"Na kilikuwa kimepinda kidogo tu. Nilidhani ni mwisho wa dunia."

Upasuaji ulifanyika na ulikwenda vizuri. Skani ya mwaka uliofuata ilikuwa kijani, na yeye sasa anasomea ualimu. Mimi nimeiachia mikono mingine ile kompyuta. Ninachokikumbuka sana ni ule ua wenye bomba, mvuke wa chai, na watu wa kwetu wakisahau kidogo kidogo kwamba wako hospitalini.

Kwa hiyo ukimpeleka mwanao kupigwa skani ya uso, mvalishe utakavyo, lakini usimwambie akae vizuri. Mwambie ameze mate, ayaache meno yakutane pale yanapokutana anapotafuna, na alegeze midomo. Kisha mwombe fundi ayatazame meno hayo kabla hajawasha mashine.